Clémence na Maswali ya Mama Noreen

Siku ya kwanza Clémence Bulonza alipoingia katika nyumba ile ya South Buffalo, alimkuta bibi wa Kizungu ameketi mbele ya televisheni, analia. Uji ulikuwa umepoa mezani. Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 2014, na theluji chafu ilikuwa bado imelala kando ya barabara.

Clémence alidhani bibi amefiwa na ndugu. Aliweka mkoba chini, akasogeza kiti, akakaa naye kimya kama watu wanavyokaa matangani kwao Uvira. Baadaye, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, ndipo alipoelewa kwamba aliyefariki ni mzee mwenye timu ya mji, Buffalo Bills, yule aliyeianzisha mwaka 1960. Timu yenyewe ilicheza mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai unaobebwa mikononi. Bibi alikuwa akiogopa kwamba sasa timu itauzwa, na atakayeinunua ataihamishia mji mwingine.

"Pole, mama," Clémence alisema, akachukua kijiko.

Bibi akafunga mdomo. Akamtazama kutoka utosini hadi viatuni. "Wewe unajua kwa nini tunaitwa Bills?"

"Hapana, mama."

"Basi nitalishwaje na mtu asiyejua yuko wapi?"

Siku hiyo hakula chochote mkononi mwa Clémence. Jina lake lilikuwa Noreen, umri wake ulishapita miaka themanini, na kampuni ya utunzaji ilikuwa imekwisha kubadilisha watumishi kadhaa waliomshindwa. Alisahau kama jiko linawaka. Alisahau leo ni siku gani, na mara nyingine alimwita mumewe Emmett aje mezani, ilhali Emmett alikuwa kaburini miaka mingi. Lakini mambo ya timu hayakumtoka. Yalikuwa yamekaa kichwani mwake kama vyombo kabatini, kila kimoja mahali pake.

Jioni Clémence alirudi Grant Street, katika nyumba waliyopanga juu ya duka la vyakula, akamsimulia mdogo wake Elie. Walikuwa wamekuja pamoja kutoka kambi ya Nyarugusu miaka minne nyuma, yeye, Elie, na binti yake Alliance, ambaye sasa alikuwa ameolewa Columbus. Elie alifanya kazi kiwandani, akiendesha mashine za kufungasha maziwa pamoja na Wamarekani waliozaliwa mji ule. Aliposikia habari ya uji, alicheka mpaka akaweka sahani chini. Alimwita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, kumbe ni hiyo tu? Ku kazi yetu hawana habari ingine ya kusema. Bill ilikuwa jina ya muwindaji moja wa nyati, zamani. Donc, buffalo ni nyati, na mji iko Buffalo. Basi wakaunganisha. Hata ule muwindaji hakukuwa mutu wa hapa."

"Hakukuwa wa hapa?"

"Hapana. Jina tu ndiyo ilihamia."

Asubuhi yake Clémence alisimama mbele ya Mama Noreen na bakuli mkononi, akayasema yote kama mtoto anayesoma mistari ya Jumapili mbele ya kanisa. Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua mdomo.

Ndivyo walivyoanza. Kila mlo ulikuwa na swali lake. Clémence alimwuliza Elie, Elie aliuliza kiwandani, na majibu yalipanda basi pamoja naye asubuhi kuvuka mji mpaka South Buffalo.

"Ubingwa tulichukua lini?"

"Sitini na nne, na sitini na tano."

"Na zile fainali nne za Super Bowl, mfululizo, tulizoshindwa zote? Nani alitufunga?"

"New York. Washington. Dallas. Dallas tena."

"Hiyo Dallas ya pili iseme polepole. Bado inaniuma."

Mwanzoni Clémence aliyakariri majibu hayo kwa ajili ya uji tu. Kisha yakaanza kumwingia. Alikuwa mtu wa kwaya; alishika maneno upesi, na alipenda hadithi yenye watu ndani yake. Mama Noreen alimweleza jinsi yeye na Emmett, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, walivyokuwa uwanjani ile siku ya Januari 1993 ambapo timu ilikuwa nyuma thelathini na tano kwa tatu. Watu walitoka kwa makundi. Emmett naye alisimama, akafunga koti, akasema twende nyumbani.

"Nikamshika mkia wa koti," alisema Mama Noreen. "Nikamwambia, nenda wewe. Mimi mume wangu ni hawa waliobaki pale chini."

"Akaenda?"

"Angeenda wapi? Funguo za gari nilikuwa nazo mimi."

Na timu ilirudi, ikashinda arobaini na moja kwa thelathini na nane, na wale waliotoka mapema wakawa wanaruka uzio kurudi ndani. Hapo Mama Noreen alicheka mpaka uji ukamtoka, na Clémence naye akacheka.

Lakini hadithi iliyomkaa Clémence moyoni ni ile ya fainali ya kwanza, ya mwaka 1991. New York walikuwa mbele kwa pointi moja tu. Zimebaki sekunde chache, mpigaji wa Buffalo akapiga mpira kutoka yadi arobaini na saba, ukapita nje ya nguzo, upande wa kulia. Kesho yake wachezaji walirudi nyumbani wameinamisha vichwa. Watu maelfu kwa maelfu walikuwa wamejaa mbele ya ukumbi wa mji, katika baridi, na badala ya kumzomea yule mpigaji wakamwita kwa jina lake, wakamwita, wakamwita, mpaka akaja mbele, akashindwa kuzungumza vizuri kwa machozi.

"Nilikuwepo," alisema Mama Noreen. "Sauti ilinikauka wiki nzima."

Clémence alikaa na jambo hilo njia yote ya kurudi nyumbani. Kwao, mtu aliyeshindwa alipitia mlango wa uani. Hakuwahi kusikia mji uliotoka nje kumpokea mtu aliyekosea mbele ya dunia nzima.

Mwezi wa nane Mama Noreen alianza ombi lake. "Clem, msimu unaanza. Nipeleke uwanjani. Tangu Emmett aondoke sijaenda."

Uwanja ulikuwa Orchard Park, mwendo mfupi kwa gari kutoka pale. Elie alikuwa na gari. Kizuizi kilikuwa siku yenyewe. Timu ilicheza Jumapili, na Jumapili Clémence hakuwa na kazi. Alikuwa kanisani, katika ukumbi waliokodi karibu na Grant Street, ambako aliongoza sauti ya kwanza ya kwaya. Tena, moyoni mwake aliona haya. Mama mzima, mjane, mtu wa meza ya Bwana, aache ibada aende kukaa na watu waliojipaka rangi usoni, wanaokunywa bia tangu asubuhi?

"Jumapili ijayo, mama," alisema.

Jumapili ya kwanza kulikuwa na wageni kutoka Rochester. Ile iliyofuata kulikuwa na ubatizo. Kisha mvua. Kisha kwaya ilikuwa na wimbo mpya, na bila yeye sauti ya kwanza ingeyumba. Kila mara alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli.

Aliyemfungua macho alikuwa Caritas, msichana wa Kirundi aliyeshika zamu ya mwisho wa wiki. Walikutana mlangoni Jumatatu moja ya Oktoba.

"Mama Clémence, naomba nikuulize," alisema Caritas. "Huyu bibi anakwenda wapi siku za Jumapili?"

"Haendi popote. Kwa nini?"

"Maana akiamka tu anataka lile koti la bluu la timu. Analivaa, anakaa karibu na mlango, anashika mkoba wake. Nikimwambia twende mezani, anasema anamngoja Clem. Nikadhani wewe unakuja. Anakaa hivyo mpaka mpira uanze kwenye televisheni, ndipo analivua mwenyewe."

"Kila Jumapili?"

"Tangu msimu uanze."

Clémence aliingia ndani, akamkuta Mama Noreen anamngoja na swali la siku hiyo, mchangamfu, hana kinyongo chochote. Alikuwa amekwisha kusahau. Clémence hakuweza kumtazama usoni. Alijibu swali, akakosea, akasahihishwa.

Wiki hiyo hiyo alimwendea Mchungaji Ruhimbika. Alikuwa amejiandaa kuhojiwa, na maneno ya kujitetea alikuwa ameyapanga. Mchungaji hakumwacha ayamalize.

"Mama Alliance, juu ya nini haukuniuliza tangu mwezi wa tisa? Kwaya iko na watu wengi. Ule mama iko na nani?"

"Niliona aibu, Mchungaji."

"Bon. Enda naye. Umufunike vizuri, ile fasi iko baridi."

Ilikuwa rahisi hivyo. Kumbe mlango aliouogopa haukuwa hata umefungwa. Elie alitafuta nafasi zenye pahali pa kiti cha magurudumu, maana bibi asingeweza kutembea mbali, na tarehe iliyopatikana ilikuwa Jumapili ya ishirini na tatu Novemba, dhidi ya timu ya New York iitwayo Jets. Clémence alimwambia Mama Noreen, na akawa anamwambia upya kila asubuhi kwa sababu kila asubuhi ilikuwa habari mpya, na kila asubuhi bibi alipiga makofi.

Jumanne ya wiki hiyo theluji ilikuja. Grant Street haikupata ya kutisha. Watu walifagia mbele ya maduka yao na biashara ikaendelea. Lakini Clémence alipotazama upande wa kusini aliona ukuta wa wingu umesimama kutoka ardhini hadi juu, mweupe na mweusi kwa pamoja, haukusogea. Chini ya ukuta ule ndiko ilikokuwa South Buffalo. Huko theluji ilimwagika mpaka ikafika madirishani, magari yakafukiwa barabarani, mabasi yakasimama, na serikali ikakataza watu kuendesha.

Caritas, aliyekuwa ameshika zamu ya usiku huo, alikuwa amenaswa ndani na bibi. Chakula walikuwa nacho, na moto pia. Lakini alipiga simu.

"Mama Clémence, amekataa kula tangu jana. Ananiuliza mambo ya mpira, mimi sijui hata moja."

"Muwekee simu sikioni."

Hivyo ndivyo walivyopita siku zile za theluji: Clémence amesimama dirishani Grant Street, anajibu maswali, na upande wa pili Caritas yuko tayari na kijiko. Fainali ya kwanza tulikosa kwa pointi ngapi? Moja, mama. Upande gani? Kulia, mama. Sasa fungua mdomo.

"Jumapili bado tunakwenda?" aliuliza Mama Noreen kila walipomaliza.

"Tunakwenda," alijibu Clémence, hadi siku Elie alipoingia ametoka kazini na uso wa mtu mwenye msiba.

"Yaya, wamehamisha mechi. Uwanja imefunikwa yote. Watachezea Detroit, siku ya Jumatatu."

Jumatatu jioni barabara zilikuwa zimefunguliwa, na Elie alimfikisha dada yake South Buffalo kati ya kuta za theluji zilizopita urefu wa gari. Walitazama mechi watatu sebuleni, Mama Noreen na koti lake la bluu. Timu ilishinda thelathini na nane kwa tatu. Bibi alifurahi kama mtoto. Katikati ya furaha aligeuka.

"Clem, wako watu wengi sana pale. Sisi mbona hatupo?"

"Theluji, mama. Tutakwenda mwaka kesho, mwezi wa tisa. Kutakuwa na jua."

"Mwezi wa tisa ni mzuri," alisema Mama Noreen.

Karibu na Krismasi aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Mwanawe wa pekee, Dennis, alikuja kutoka Louisville alikokuwa akiishi na kufanya kazi. Alikuwa mtu mpole, mwenye mabega ya baba yake. Alikaa hospitalini siku nyingi, kisha akaamua kumchukua mama yake aende naye, kwa sababu ngazi za nyumba ile sasa zilikuwa hatari. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Clémence ndiye aliyekunja nguo. Walipomwingiza garini, Mama Noreen alimshika mkono akamwuliza kama Emmett amekwisha kuwasha injini.

Majira ya kuchipua Alliance alijifungua mtoto wa kike, na Clémence akahamia kwake Reynoldsburg, nje kidogo ya Columbus, kumsaidia kulea. Watu wa kanisa walimpongeza kwa simu. Mmoja alitania kwamba sasa yeye ni bibi, basi ajihadhari, majuto ni mjukuu. Clémence alicheka pamoja naye, lakini baada ya kukata simu maneno yale yalibaki naye.

Mwezi wa tisa ulifika. Ilikuwa Jumapili ya jua kali, haina upepo. Huko Orchard Park watu walikuwa wameketi mikono wazi, bila makoti. Clémence aliwaona kwenye televisheni ya mkwewe, akiwa amembeba mjukuu begani. Aliondoka sebuleni, akaenda kusimama jikoni. Alliance akamfuata.

"Maman, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni jua tu. Jua ya leo iko nzuri."

Oktoba alipata ruhusa kazini, maana alikuwa ameanza kufanya usafi katika nyumba ya wazee, akapanda basi la masafa marefu kwenda Louisville. Alilala mtaa wa Beechmont kwa mama mmoja waliyejuana kambini, na asubuhi akachukua basi la mji mpaka kwa Dennis.

Dennis alimpokea kwa mikono miwili. Nyumba ilikuwa safi, haina ngazi, na Mama Noreen alikuwa ameketi penye mwanga, nywele zimechanwa vizuri, blanketi magotini. Clémence alipiga magoti mbele yake.

"Mama, ni mimi. Clem."

Mama Noreen alimtazama kwa adabu, kama mtu anayetazamana na mgeni ndani ya basi.

"Usivunjike moyo," alisema Dennis. "Siku hizi yuko hivyo kwa wote. Lakini hana shida kabisa. Wewe alikusumbua, najua. Hapa anakula kila unachompa. Mtu yeyote akimpa, anakula."

Alisema hivyo kwa furaha, kumpa mgeni habari njema. Clémence aliinuka. Aliomba bakuli amlishe yeye. Dennis akaleta supu, akatoka kwenda kujibu simu.

Walibaki wawili. Clémence alichota supu, kisha akarudisha kijiko.

"Mama, mwaka tisini na moja," alisema polepole. "Yule mpigaji. Mpira ulipita upande gani?"

Mama Noreen akafungua mdomo, akangoja supu.

Clémence alijaribu tena. Aliuliza Bills ni nani. Aliuliza habari ya mkia wa koti la Emmett na funguo za gari. Alitaja New York, Washington, Dallas, na Dallas ya pili akaisema polepole. Mdomo ulifunguka kila mara, mtiifu, kama wa kinda. Mwishowe alimlisha supu yote, akampangusa kidevu, na bibi akamshukuru kwa Kiingereza kizuri cha watu wasiojuana.

Dennis alimsindikiza kituoni. Njiani alimwuliza Clémence mama yake alikuwa akisema nini zile siku za Buffalo, kwa kuwa yeye aliondoka nyumbani kijana na hakupenda mpira. Waligombana na baba yake kwa ajili hiyo hiyo, na Jumapili alikuwa akijifungia chumbani. Clémence akamweleza ya sauti iliyokauka wiki nzima, ya uzio waliouruka watu. Dennis hakuwa na habari kwamba wazazi wake walibaki mpaka mwisho siku ile.

"Sikuwahi kuwauliza," alisema.

Basi lilipofika alikuwa bado anataka kusikia, na Clémence akaliacha lipite, akapanda lililofuata.

Mama Noreen alifariki Februari, usingizini. Dennis alimpeleka Buffalo akazikwe karibu na mumewe. Clémence hakupata mtu wa kushika zamu yake, hivyo Elie ndiye aliyesimama kaburini kwa niaba ya jamaa nzima, na kofia mkononi, akamsimulia dada yake kwa simu kwamba ardhi ilikuwa ngumu na padri alikuwa kijana.

Wiki iliyofuata Dennis mwenyewe alipiga. Clémence alikuwa katika chumba cha wafanyakazi, glavu za kazi bado mikononi.

"Nilitaka kukushukuru," alisema Dennis. "Ulimtendea mama yangu kila jambo ambalo mtu anaweza kumtendea mwingine."

Clémence alifungua mdomo amwambie sivyo. Alitaka kumwambia habari za Jumapili zile zote, za wageni wa Rochester, za wimbo mpya, za bibi aliyekaa mlangoni na mkoba wake tangu asubuhi. Lakini upande wa pili wa simu mtu mzima alikuwa analia kwa sauti, na haukuwa wakati wa kumwongezea mzigo.

"Asante," alisema Clémence, akaishikilia simu mpaka Dennis alipomaliza kulia.